Kutunza Medali, Daftari la Urukaji na Sare za Rubani wa Jeshi katika Nyumba ya Lamu: Mwongozo kwa Anayeanza

Familia nyingi za Lamu na Malindi zinazorithi sanduku la rubani wa jeshi huja na maswali yale yale: medali zisuguliwe au ziachwe, cheti kitiwe laminesheni au la, sare ifuliwe, na saa ya rubani ihifadhiwe wapi. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia siku unapofungua sanduku hadi siku unapolifunga tena. Utaona kwamba sehemu kubwa ya kazi inahusu karatasi kuliko medali. Hilo ni kusudi. Medali ya aloi ya shaba inaweza kukaa miaka mingine thelathini ikiwa nyeusi na isipungukiwe na kitu, ilhali daftari lenye kuvu katika hewa yetu ya chumvi linaweza kupotea katika misimu michache ya mvua, na likipotea hakuna atakayejua tena medali zile zilipatikanaje.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Meza pana iliyotandikwa kitambaa cheupe cha marekani au bafta, kilichofuliwa mara kadhaa hadi wanga wote uishe.
- Glavu za nitrili, zile zinazouzwa katika maduka ya dawa. Jasho la vidole lina chumvi na huacha alama kwenye fedha na shaba.
- Barakoa, brashi laini ya nywele kama ile ya kupakia poda, na penseli laini ya 2B. Kalamu ya wino isikaribie meza.
- Kamera au simu yenye kamera nzuri, rula, na taa ndogo inayoweza kuhamishwa upande.
- Kontena mbili za plastiki zenye mfuniko unaobana. Tazama chini ya kontena: alama ya pembetatu yenye namba 5 au 2 inafaa, na yenye namba 3 haifai kabisa kwa sababu plastiki hiyo hutoa mvuke wa asidi kadiri inavyozeeka.
- Karatasi nyeupe isiyo na asidi. Ukiikosa, bafta iliyofuliwa inatosha.
- Silika jeli ya rangi ya machungwa, ambayo hubadilika rangi ikishiba maji. Epuka ile ya buluu, kwa kuwa rangi yake hutokana na chumvi ya kobalti yenye sumu.
- Kipima unyevu kidogo cha dijitali.

Huhitaji dawa yoyote ya kung'arisha. Kama umeshainunua, irudishe dukani.

Hatua ya 1: Chagua msimu na mahali

Fanya kazi hii wakati wa kaskazi, hasa Januari hadi Machi, wakati hewa ni kavu kuliko miezi mingine. Ukifungua sanduku katikati ya masika, ukatandaza karatasi kutwa nzima kisha ukazifunga ndani ya kontena, utakuwa umezifungia pamoja na unyevu. Chumba kiwe na mwanga wa mchana usiokuwa wa jua la moja kwa moja. Sehemu ya ndani ya daka, yaani baraza ya mlangoni, asubuhi hufaa kwa kupigia picha, mradi upepo usiwe mkali.

Hatua ya 2: Tenga vitu vya hatari kwanza

Kabla ya kupendezwa na chochote, pitisha macho katika sanduku zima bila kuchakura. Unatafuta mambo mawili.

La kwanza ni baruti ya aina yoyote: risasi, fataki za ishara, bastola ya kurushia fataki, au kartriji za kiti cha kurushia rubani nje ya ndege. Kitu kidogo cha chuma kinachofanana na kopo lililozibwa kinaweza kuwa bado kina nguvu hata baada ya miaka hamsini. Usikitikise wala usikibebe kukipeleka kituoni. Kiache kilipo, watoe watu chumbani, na uwaite polisi.

La pili ni saa na vipimo vya ndege vya wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Namba zake zilipakwa rangi yenye radiamu ili zing'ae gizani. Watu hudhani kwamba rangi ikiacha kung'aa hatari imekwisha. Kinachokufa ni ile kemikali inayotoa mwanga; radiamu yenyewe huchukua takriban miaka 1,600 kupungua nusu. Kioo kikiwa kizima, hatari kubwa haipo mradi usikifungue. Kioo kikiwa kimepasuka au ukiona unga wa kahawia kwenye uso wa saa, usiupulize wala usiufute: kitie kifaa ndani ya mifuko miwili ya plastiki inayozibika, andika onyo juu yake, nawa mikono, kiweke mbali na vyumba vya kulala, kisha uulize Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya namna ya kukiondoa. Fundi wa saa asipewe kifaa hicho bila kuambiwa, hata kama kinachomhitaji ni mkanda tu.

Hatua ya 3: Piga picha kabla ya kupangua

Piga picha ya sanduku kama lilivyo, tabaka kwa tabaka. Bahasha iliyokuwa chini ya medali fulani huenda ndiyo iliyokuja nayo, na ukishachanganya huwezi kurudisha. Kisha mpe kila kitu namba, uiandike kwa penseli kwenye kipande cha karatasi kinachowekwa kando yake, na uingize namba hiyo katika orodha pamoja na maelezo mafupi: ni nini, kina ukubwa gani, kina maandishi gani, kina kasoro gani. Usibandike kibandiko chenye gundi juu ya kitu chenyewe, na usitumie selotepu mahali popote.

Hatua ya 4: Soma medali

Shika medali kwa kingo, weka taa upande mmoja karibu usawa wa meza, kisha uizungushe polepole. Maandishi yaliyochongwa kwenye ukingo, ambayo hayaonekani ukiangalia kwa mwanga wa juu, hujitokeza yenyewe: namba ya jeshi, cheo kwa kifupi, jina, na wakati mwingine kikosi.

Usifadhaike usipoona jina. Nyota na medali za Vita Vikuu vya Pili zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa majina, ilhali zile zile zilizotolewa kwa wanajeshi wa Afrika Kusini na Australia zilichongwa. Msalaba wa Urukaji Uliotukuka, nishani ya fedha ya maafisa wa anga wa Uingereza yenye utepe wa milia ya mshazari ya zambarau na nyeupe, katika zile za wakati wa vita huwa umechongwa mwaka tu, nyuma, kwenye mkono wa chini. Medali za Umoja wa Mataifa zina nembo ya Umoja mbele na maneno ya huduma kwa amani nyuma. Kinachotofautisha ujumbe mmoja wa kulinda amani na mwingine ni rangi za utepe. Hii ndiyo sababu ya kutotenganisha medali na utepe wake, kisanduku chake na barua yake: ikitengwa navyo, medali isiyo na jina haiwezi tena kusema ilikuwa ya nani.

Kwa tuzo za ushujaa au nishani za taifa, tafuta uthibitisho kwenye gazeti rasmi la serikali. Tuzo za ushujaa za Uingereza zilitangazwa katika London Gazette, na nishani za Kenya hutangazwa katika Kenya Gazette. Nakala za magazeti yote mawili zinasomeka kwenye intaneti. Andika tarehe ya toleo katika orodha yako.

Neno kuhusu Medali ya Utumishi wa Jumla wa Afrika (Africa General Service Medal) yenye kibao cha "Kenya" kwenye utepe, iliyotolewa kwa waliohudumu katika operesheni dhidi ya Mau Mau za miaka ya 1952 hadi 1956, wakiwemo marubani wa Uingereza. Baadhi ya familia huona haya kuwa nayo, na nimeulizwa kama si vyema kuitupa. Maoni yangu ni kwamba ibaki na iandikwe kwa ukweli katika orodha. Kuitupa hakubadilishi lililotokea, na mtafiti wa kesho huenda akaihitaji kuliko zile zinazoonyeshwa kwa fahari.

Hatua ya 5: Lishughulikie daftari la urukaji

Hapa usiwe na haraka. Daftari la urukaji ni kumbukumbu ya kila safari aliyoruka rubani: tarehe, aina ya ndege, namba ya ndege, rubani mkuu, abiria au wahudumu, kazi iliyofanywa na muda hewani. Kila mwisho wa mwezi hujumlishwa na kutiwa saini na mkuu wa kikosi. Medali inakuambia kwamba mtu alihudumu. Daftari linakuambia kwamba siku fulani aliruka Caribou, ndege ya uchukuzi, akiwa na mizigo, akakaa hewani saa tatu, akarudi salama. Ukilazimika kuokoa kitu kimoja tu nyumba ikivuja, chukua daftari.

Lifungue kwa pembe isiyozidi ile linayoikubali lenyewe, ukiegemeza jalada juu ya kitambaa kilichokunjwa. Piga picha kila ukurasa, hata ulio mtupu, kwa rangi. Usitoe kopi ya nyeusi na nyeupe: desturi iliyoenea ilikuwa kuandika safari za usiku kwa wino mwekundu, na baadhi ya vikosi vilitumia kijani kwa safari za vita, hivyo kopi isiyo na rangi hufuta nusu ya habari. Ukitumia skana, nukta 400 kwa inchi zinatosha kwa kurasa na 600 kwa picha ndogo. Hata hivyo, daftari lenye uti uliolegea lisibanwe kwenye kioo cha skana. Simu iliyofungwa kwenye kinara juu ya meza ni salama zaidi.

Katika kusoma, wanaoanza hukosea mahali patatu. Kwanza ni muda. Baadhi ya madaftari huandika 1.30 kwa maana ya saa moja na dakika thelathini, mengine huandika 1.5 kwa maana ile ile. Jumlisha safu ya mwezi mmoja na ulinganishe na jumla iliyotiwa saini, utajua mtindo uliotumika. Pili ni saa yenye herufi Z mwishoni. Hiyo ni saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo 0600Z ni saa tatu asubuhi hapa Lamu. Tatu ni mihuri. Jeshi la Anga la Kenya liliundwa tarehe 1 Juni 1964, likavunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, likaitwa Jeshi la Anga la 82, na likarudishiwa hadhi yake mwaka 1994. Mihuri ya jina tofauti katika daftari moja haina maana kwamba rubani alihama jeshi, na pengo la miezi baada ya Agosti 1982 lisijazwe kwa kubahatisha. Kama mwenyewe yu hai, muulize, umrekodi, na umwache anyamaze anapotaka kunyamaza. Kwa rubani aliyehudumu katika jeshi la anga la Uingereza, kumbukumbu za kila siku za vikosi ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, katika mfululizo unaoitwa AIR 27, na unaweza kulinganisha tarehe za daftari na zile za kikosi.

Hifadhi nakala tatu za picha hizo: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na moja nje kabisa ya nyumba, kwa mtoto aliyeko Mombasa au Nairobi.

Laminesheni sasa. Duka lolote la saiba litakupigia cheti laminesheni kwa bei ndogo na kitatoka kiking'aa. Joto lile huyeyusha gundi ndani ya nyuzi za karatasi, na hakuna njia salama ya kuitoa. Cheti, barua ya uteuzi na kurasa za daftari zisiguswe na mashine hiyo. Ukitaka kuonyesha cheti ukutani, chapisha nakala ya rangi na uitundike nakala.

Hatua ya 6: Usiisugue medali

Wengi wetu tumekua tukiona dele la kahawa likisuguliwa kwa ndimu, ukwaju na jivu hadi linawaka. Dele ni la kazi na linastahimili. Medali ina michoro myembamba, nywele za mfalme, manyoya ya bawa, herufi za ukingoni, na kila msuguo huondoa sehemu yake. Asidi ya ndimu na ukwaju hula aloi na kubaki katika mianya, na dawa za viwandani huacha unga mweupe unaovuta unyevu na kuchafua utepe. Wanunuzi wa medali hushusha bei ya ile iliyosuguliwa, na wahifadhi wa makumbusho huihuzunikia.

Unachoruhusiwa kufanya ni kuondoa vumbi kwa brashi kavu. Weusi wa fedha hutokana na gesi za salfa zilizomo hewani nao haudhuru. Utepe usifuliwe wala usipigwe pasi, kwa maana rangi zake huchuja. Ukiwa umechakaa mno, nunua mpya kwa ajili ya maonyesho na uhifadhi wa zamani pamoja na medali.

Hatua ya 7: Sare, beji na ngozi

Ondoa pini za chuma, klipu na vitu vilivyosahaulika mifukoni, ukiviandika mahali vilipotoka. Kutu ya pini moja hutoboa sufu. Beji ya mabawa iliyoshonwa iachwe kwenye koti lake. Piga vumbi kwa brashi, jaza mikono na mabega kwa bafta iliyoviringwa ili mikunjo isivunje nyuzi, kisha ulaze koti bila kulitundika.

Sare isifukizwe udi. Moshi wake una mafuta yanayonasa kwenye nguo na kuvuta vumbi, hata kama harufu inapendeza. Vidonge vya nondo navyo visiguse nguo, vifungo wala medali. Kofia ya ngozi na miwani ya rubani visipakwe mafuta ya nazi wala rangi ya viatu. Vijaze karatasi ndani ili visibonyee na uviache hivyo.

Hatua ya 8: Fungasha na uchague mahali

Tumia kontena mbili kwa sababu madini na karatasi havipendi hewa moja. Kontena ya medali iwe kavu, unyevu usiozidi asilimia 40, kwa silika jeli kiasi cha gramu 200 kwa kila lita 10 za nafasi. Kontena ya karatasi na nguo ikae karibu na asilimia 50. Chini ya 65 kuvu hushindwa kuota, lakini ukavu uliopita kiasi hufanya karatasi na ngozi kukatika. Kila medali ifungwe peke yake.

Kuhusu mahali, nina mashaka na sehemu mbili ambazo kila mtu huzichagua. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni nzuri kwa vyombo vya kaure, lakini zimo ndani ya ukuta wa mawe ya matumbawe, na ukuta huo huvuta maji ya chumvi kutoka chini na kuyatoa kupitia chokaa. Gusa nyuma ya kidaka asubuhi ya masika, utaelewa. Sanduku la mbao la mababu nalo hutoa mvuke wa asidi ambao ndani ya nafasi iliyofungwa hula metali. Likitumiwa, litie kontena ya plastiki ndani yake. Mahali pazuri ni ndani ya kabati, ukuta wa kati wa nyumba, ghorofa ya kwanza kwenda juu, mbali na choo na paa linalovuja, likiwa limeinuliwa juu ya sakafu ili mchwa waonekane kabla hawajafika.

Hatua ya 9: Warithi, na kusafirisha

Medali ni mali, na mali ya marehemu ina warithi. Kabla ya kuuza, kutoa zawadi au kukabidhi makumbusho, orodha yako isomwe mbele ya warithi wote na isainiwe; mkitofautiana, Mahakama ya Kadhi ipo. Anayepokea kwa niaba ya makumbusho atoe hati inayosema kama ni zawadi au ni mkopo. "Tutakuandikia baadaye" isikubalike.

Ukisafirisha sare kutoka Lamu kwenda Malindi au Mombasa, kumbuka kwamba sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na kwamba barabara ya Witu na Garsen ina vizuizi vya usalama. Beba barua ya chifu, nakala ya kitambulisho cha utumishi cha mwenyewe na orodha yenye picha, na sare iwe chini ya mizigo, ikiwa imefungwa. Kijana wa nyumbani asilivae koti la babu kwa ajili ya picha ya mtandaoni.

Ukikwama

*Unga wa kijani mpauko umejitokeza kwenye medali ya shaba.* Ukiwa laini na ukirudi baada ya kupigwa brashi, chumvi imeshaingia ndani ya metali. Itenge na nyingine, ikaushe kwa silika jeli nyingi, na umwonyeshe mhifadhi. Ofisi za Makumbusho ya Taifa mjini Lamu na Malindi zinaweza kukuelekeza. Kijani kigumu, kilichokolea na kilichotulia kiache.

*Kuvu nyeupe kwenye daftari au ngozi.* Kikaushe kwanza mahali penye upepo na kivuli. Kuvu ikishakuwa kavu, toka nje, vaa barakoa, uipige brashi kuelekea unakokwenda upepo. Ukiifuta ikiwa mbichi utaipaka.

*Kurasa zimegandamana.* Usizitenganishe kwa kisu wala mvuke wa birika. Piga picha zinazofunguka na uwaachie wahifadhi zilizobaki.

*Nondo kwenye sufu.* Tia koti ndani ya mifuko miwili, toa hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki mbili. Ukilitoa, subiri siku nzima kabla ya kufungua mfuko, la sivyo umande utaliloweka. Medali zitolewe kwanza, na friza ya kamba na samaki haifai hata ukiahidiwa nafasi.

*Silika jeli inageuka rangi kila baada ya siku chache.* Mfuniko haubani. Weka kipande cha karatasi kati ya mfuniko na ukingo, funga, kisha ukivute. Kikitoka kwa urahisi upande wowote, badilisha kontena. Silika iliyoshiba irudishe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa chache, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, uitumie tena.